Ubatizo wa Mzee Sichalwe

Sikuota, na pombe sinywi. Haya niliyaona kwa macho yangu, mchana, enzi za Mwingereza, nilipokuwa katekista katika kijiji kimoja cha Ufipa.

Asubuhi hiyo alikuja mke mdogo wa Mzee Sichalwe, mhunzi wetu. "Katekista, mzee anakata roho. Anaomba ubatizo."

"Ana wake wawili," nikamjibu. "Amwache mmoja kwanza."

Moyoni nilisema: miaka yote alitucheka, leo kaogopa moto. Nikachukua jembe, nikaenda kwenye matuta yangu ya ulezi.

Alasiri nikasikia mtu anakohoa nyuma yangu. Mzee Sichalwe, kasimama!

"Shikamoo, mzee. Si wanasema unaumwa?"

"Marahaba. Anayeumwa ni wewe, masikio. Umeitwa tangu asubuhi. Twende."

Akatangulia. Mvua ilikuwa imenyesha, njia nzima tope. Niamini: nyayo zilizobaki zilikuwa zangu peke yangu. Tulipofika mlangoni pake sikumwona tena. Nikaingia. Alikuwa amelala mkekani, mifupa mitupu, wake zake wamemshika mikono huku na huku.

"Hii wiki ya pili hajainuka," alisema mke mkubwa.

Nikachuchumaa kando ya mkeka. Hata hivyo nikamwuliza swali ambalo kanuni ilinitaka niulize: "Ukipona, utamwacha mmoja?"

Mke mdogo akamwinamia. "Sema ndiyo, mzee wangu. Sema tu!"

"Hapana," akasema. "Nimfukuze huyu, aende wapi? Na huyu je? Maji yenu nayataka sana, Katekista. Kwa uongo siyataki."

Sasa niambie, mwoga wa moto angejibu hivyo? Nilikwisha kubatiza wengi waliokuwa wanakufa, na wote waliniahidi chochote nilichotaka. Huyu pumzi zake zilikuwa za kuhesabu, na bado alikataa kumdanganya Mungu. Nikachota maji kwa kata, nikambatiza kwa jina la Yosefu. Alikufa kabla jua halijazama, uso umetulia kama wa mtu aliyemaliza kazi yake.

Nilimweleza padri kila kitu. Aliniondoa kwenye ukatekista, wala sikumlaumu, maana kanuni niliivunja kweli. Lakini mpaka leo, katika wote niliowahi kuwamwagia maji, ni huyo mmoja tu ambaye sijawahi kumtilia shaka.

Nawe ukiitwa na mtu anayekufa, nenda. Usikae shambani ukimpima moyo kwa mbali, asije akakufuata mwenyewe.