Salama, Ila Mgongo

Asubuhi ile Adela aligundua kwamba mguu wake wa kushoto ulikuwa ukikanyaga cherehani bila yeye kuwa na habari. Aliona kitambaa kinasogea, sindano inapanda na kushuka, gurudumu linazunguka, lakini kule chini, unyayo ulipogusa chuma, hakusikia kitu. Alivua kandambili akakanyaga tena kwa mguu mtupu. Mwezi wa saba Sumbawanga chuma huwa baridi kama jiwe la mtoni, na unyayo wake haukuijua baridi hiyo. Ilikuwa kana kwamba ameazimwa mguu wa mtu.

Akavaa kandambili upesi na kutazama barabarani kama kuna aliyemwona. Watu wa mtaa wa Mazwi walikuwa wanapita na baiskeli zao, masweta yamefungwa hadi kidevuni, upepo unawasukuma kwa nyuma.

"Mama Flavian, habari za asubuhi?"

"Salama tu."

Ndivyo tulivyolelewa. Mtu ukiulizwa habari unajibu salama, hata kama paa linaungua nyuma yako. Neno la kweli hufuata baadaye, limebebwa na ila. Salama, ila watoto wana homa. Salama, ila jana tumemzika babu. Anayeuliza naye hujua kusubiri hiyo ila, hashiki njia mpaka ameisikia. Adela, lakini, alikuwa na tabia ya kuishia kwenye salama. Ila zake alizimeza tangu usichana, na kwa kuwa alizimeza kwa tabasamu, watu walimsifu kwamba ni mama asiye na makuu.

Mgongo wenyewe aliuumiza kwa furaha, na hilo lilimtia aibu kuliko maumivu. Kwa sikukuu ya mtakatifu somo wa parokia, akina mama wa jumuiya yao walijiandikisha kuvuta kamba. Kila Jumamosi jioni walikutana uwanjani wakiwa na vitenge juu ya suruali za mazoezi, wakakimbia, wakachuchumaa, wakavutana wao kwa wao hadi wakaanguka kwa kicheko. Adela, kwa kuwa alikuwa na umbo, aliwekwa mwisho wa kamba, akaizungusha kiunoni. Siku ya sikukuu wakapangiwa akina mama wa Namanyere, wanawake wa jembe, wenye vifundo kama vya mninga. Namanyere walivuta mara moja tu. Wenzake wote waliachia. Adela hakuachia, maana kamba ilikuwa kiunoni. Akasikia ko, ndani kabisa, kama mtu aliyevunja kijiti kikavu.

"Umejifanya kisiki," Debora alimwambia jioni ile, akimkanda kwa maji ya moto. Debora alikuwa jirani na rafiki yake, mwanamke mwembamba mwenye mdomo. "Kisiki chenyewe wanang'oa na trekta, sembuse wewe."

"Mgongo umeshtuka tu," Adela alisema. "Utarudi."

Haukurudi. Maumivu yalishuka kutoka kiunoni yakapita kwenye tako, yakateremka nyuma ya paja hadi kisigino. Alimeza vidonge, akapaka dawa za kuchua, akalala chali sakafuni. Kisha, katikati ya wiki hii, maumivu yakapungua. Debora akashangilia. Adela naye akacheka, lakini moyoni hofu iliingia hapo hapo, kwa sababu maumivu yalipoondoka hayakumwachia uzima. Yalimwachia ganzi. Alipokaa kwenye kigoda alihisi kama amekalia mto ambao haupo. Na juzi, chooni, aliinama akingoja, akasikia maji yakigonga sakafu kabla hajajua kwamba yanatoka kwake.

Alikaa pale muda mrefu, mlango umefungwa kwa kamba, akimfikiria mama yake mdogo.

Mama mdogo Asnath alianguka kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe kule kijijini Kate, Adela akiwa msichana wa shule. Hakusimama tena. Adela ndiye aliyekuwa akimgeuza, akimwosha, akifua nguo zake kijitoni kabla jua halijapanda ili majirani wasione. Aliijua harufu ya chumba kile, na alivijua vidonda vinavyoota mahali mtu asipohisi. Na alijua jinsi mama mdogo, kila mgeni alipochungulia mlangoni kumuuliza habari, alivyoitikia kwa sauti nyembamba: salama, mwanangu.

"Leo nakupeleka kwa mvunjaji," Debora alitangaza aliposimama kibarazani saa nne. "Usinitolee macho. Nimeona unavyoburuta huo mguu. Unatembea kama bata aliyekunywa pombe ya kimpumu."

Mvunjaji ndilo jina mji ulilompa. Kibao chake kilisema Tiba ya Mgongo na Viungo kwa Mikono. Alikuwa kijana aliyesomea kazi hiyo Dar es Salaam, akafanya kazi na timu za mpira, kisha akarudi kwao. Waliokwenda kwake walikuwa wachezaji walioteguka vifundo, waendesha baiskeli wenye magoti mabovu, na vijana wanyanyua vyuma ambao shingo zao zimekataa kugeuka. Alikuwa akikulaza, akikukunja, akikusukuma kwa ghafla, mgongo unalia ko, na wengi walitoka pale wamenyooka. Kisichomfurahisha Adela ni kwamba kijana huyo alikuwa Valerian, mtoto wa Edith wa jumuiya yao. Nguo zake nyeupe za komunyo ya kwanza alizishona Adela mwenyewe.

Walipofika, mshambuliaji mmoja wa timu ya mtaani alikuwa anatoka akizungusha bega lake.

"Ingia mama, usiogope," alisema akicheka. "Inalia kama bisi tu!"

Adela alitamani kurudi nyumbani.

"Shikamoo mama," Valerian alisema, akainama kidogo kama alivyofundishwa. "Habari za nyumbani?"

"Marahaba, baba. Salama."

"Mama yangu ameniambia mlivyovuta kamba. Mmenipatia kazi ya mwaka mzima nyinyi."

"Namanyere ndio wakulipe," Debora alidakia, naye akaelekezwa kiti cha nje ya pazia, akakaa huku akinung'unika kwamba anafukuzwa kama kuku.

Valerian alimwuliza maswali mengi. Yanaanzia wapi, yanaishia wapi, ukikohoa je? Alimgonga magoti, akamwambia asimame kwa visigino, kisha kwa vidole. Kisigino cha kushoto kilimsaliti, akayumba. Valerian akamdaka mkono. Kisha akageukia ukutani, akajifanya anapanga mataulo, na Adela akajua swali lenyewe linakuja.

"Samahani mama, ni lazima niulize. Haja ndogo inakwendaje? Na kule unapokalia, panasikia kama kawaida?"

Masikio ya Adela yakawaka. Huyu ni mtoto ambaye yeye Adela alimpima kiuno kwa futi ya kitambaa. Kwa Kifipa, lugha yake ya nyumbani, maneno ya mambo hayo alikuwa nayo, lakini ni ya kuambiana wanawake kisimani. Kwa Kiswahili alikuwa nayo ya kanisani na ya sokoni tu. Ulimi ukaenda ulikozoea kwenda.

"Salama," alisema. "Salama tu."

Valerian alishika taulo moja, akisubiri ila. Hakikuja kitu. Akaitikia kwa kichwa.

"Haya. Lala ubavu wa kulia. Goti la juu likunje, hivyo. Mkono huu weka begani kwangu."

Alilala. Kitanda kilikuwa cha ngozi ya plastiki, baridi. Aliona dirisha, na nje ya dirisha waya wa umeme unacheza kwa upepo. Mkono mmoja wa Valerian ulimshika bega, mwingine ukatua juu ya nyonga, na uzito wake ukaanza kumjia taratibu, kama mlango mzito unaofungwa. Alikuwa anaongea ili kumtuliza, kwa sauti ya mtu anayeongea na ng'ombe mwoga.

"Vuta pumzi. Watu wananiogopa, mama, lakini mimi mwenyewe ni mwoga. Siyo kila mgongo naugusa. Mtu akiniambia kwamba hasikii anapokalia, au mkojo unamtoka bila kujua, huyo simwekei hata kidole. Mishipa ya chini imebanwa. Ukimsukuma unaweza kummalizia kabisa. Huyo ni wa kisu, na haraka. Sasa toa pumzi, pole pole, na nikihesabu..."

Adela alishindwa kutoa pumzi. Alimwona mama mdogo amelala ubavu vile vile, uso ukutani. Alijua akinyamaza kwa kitambo cha kufumba macho, litalia ko, na hatajua tena kama ko hiyo ilikuwa ya kupona. Ulimi ulikuwa mzito kama uliofungwa kwa uzi. Mkono wa nyonga ukakaza.

"Moja," alisema Valerian.

"Ila!" Adela alipiga kelele.

Mikono ilitoka juu yake mara moja. Nje ya pazia kiti kilikwaruza sakafu.

"Ila nini, mama?"

"Hakuna salama, baba. Nimesema salama, ila..." Akafunika uso kwa kitenge, na humo ndani ya giza la kitenge, akayasema. Alisema ya kigoda na ya chooni. Yale aliyokosa Kiswahili chake aliyasema kwa Kifipa, na kijana akayaelewa.

Alipofunua uso alitarajia kugombezwa. Afadhali angegombezwa. Valerian alikuwa amesimama hatua mbali na kitanda, mikono ameiinua kifuani kama mtu aliyeshika sufuria ya moto, na uso wake, uso ule wa komunyo, ulikuwa umepauka. Hapo ndipo Adela alipoogopa kweli. Mpaka wakati huo, mahali fulani pa siri, alikuwa bado anadhani ni woga wake tu.

"Tangu lini?"

"Juzi."

"Mama Debora!" aliita. "Ita bajaji. Si pikipiki, bajaji. Tunakwenda hospitali, wote."

Debora aliingia, midomo tayari kwa mzaha, akawaona wote wawili, mzaha ukamfia. Alimvalisha Adela kandambili. Ya kushoto ilibidi aangalie ndiyo ajue imeingia.

Hospitalini Valerian ndiye aliyezungumza na daktari, harakaharaka, kwa maneno yao ya kazi. Daktari, mwanamke wa makamo, alichukua kipande cha pamba akamgusa Adela huku na huku, akimwambia afumbe macho na aseme akiguswa. Adela alingoja aguswe. Alipofumbua macho aliona pamba tayari iko juu ya ngozi yake.

"Kipande cha kati ya pingili kimetoka, kinabana mishipa," daktari alisema. "Hapa hatupasui mgongo. Unakwenda Mbeya sasa hivi."

"Nitatembea?"

"Ulisema mapema. Kuna wanaosema baada ya wiki." Hakuongeza neno, na Adela alielewa kwamba hilo halikuwa jibu.

Kabla gari la wagonjwa halijaondoka alimpigia mumewe. Gaudensi alikuwa Kate akivuna ulezi, na simu yake hupata mtandao akipanda kichuguu tu. Ilipokelewa. Upepo ulivuma ndani ya simu.

"Mama Flavian! Habari za huko?"

"Sal..." alianza. Kisha akakata neno katikati. "Si salama, Gaudensi. Nina ganzi kuanzia kiunoni. Napelekwa Mbeya. Njoo."

Upepo. Katika ndoa yao yote Adela hakuwahi kumjibu hivyo.

"Nakuja," alisema. "Nakuja hivi hivi nilivyo."

Safari ilikuwa ndefu. Adela alilala chali akiona vilele vya miti na anga jeupe la kiangazi, uwanda wa Ufipa ukirudi nyuma nje ya kioo asichoweza kuchungulia. Debora alikaa miguuni pake. Kila walipopita kijiji alikuwa akimfinya kidole gumba cha mguu mmoja, kisha cha mwingine.

"Unasikia?"

"Huo ndiyo."

"Huu?"

"Huo hapana."

"Mungu wangu," alinong'ona Debora, akasahau kuwa amejiapiza asilie.

Walimpasua alfajiri. Gaudensi alifika na basi, suruali ina maganda ya ulezi, akakaa kwenye benchi la nje bila kuuliza chakula. Alipoamka Adela, daktari wa kule alimwambia kwamba kilichobana kimeondolewa. Kitakachorudi kitarudi kwa wakati wake, na kisichorudi watafundishana namna ya kuishi nacho. Mishipa haiharakishwi. Siku zilizofuata alilala na mpira wa mkojo, akiutazama mfuko ukijaa kando ya kitanda kama kitu cha mgonjwa mwingine. Maumivu ya kidonda yalikuwa makali, naye aliyashukuru, kwa kuwa aliyasikia.

Kisha mpira ukatolewa. Muuguzi, msichana mwenye sauti ya upole, alimsindikiza chooni akiwa ameshikilia fremu ya chuma, akamkalisha, akavuta mlango nusu.

"Usijikamue mama. Ngoja. Ikija, niambie tu kama umesikia."

Adela aliketi. Vigae vilikuwa vyeupe, bomba lilikuwa linadondosha. Aliogopa kuliko alivyoogopa kisu, maana kisu alikipita amelala, na hapa alitakiwa kuwapo. Wodi ile ilikuwa na vitanda vingi, na wanaume waliokuja kuona wagonjwa wao walikuwa wanaongea upande wa pili wa ukuta. Sauti ya Gaudensi ilikuwa miongoni mwao. Aliomba, akaacha kuomba, akangoja.

Ilikuja. Alitega mwili wote, kama mtu anayesikiliza mlango ukigongwa katika nyumba ya jirani. Upande wa kulia palikuwa na kitu, uzi mwembamba wa joto. Upande wa kushoto palikuwa pamelala.

"Vipi mama?" muuguzi aliuliza nje.

"Nimesikia kulia," Adela alisema. "Kushoto sijasikia."

"Mama? Hilo bomba linapiga kelele, sijakupata."

Adela alishika chuma cha ukutani, akavuta pumzi, akarudia kwa sauti kubwa, na wodi nzima ikasikia.