Jumamosi Tatu za Baba

Kuna moshi mmoja ambao hunipandisha hasira mpaka leo, nao ni moshi wa matawi mabichi ya saipresi. Unauma macho, unakwaruza koo, na haukubali kutoka kwenye sweta hata ukiifua mara mbili. Mwezi uliopita niliupata tena nikikaribia uwanja wa kanisa pale Kapsoya, nikimpeleka binti yangu kuandikishwa skauti, na kabla hatujafika langoni nilikuwa nimeshakunja uso. Binti yangu akaniuliza ni nani amenikosea. Nikamwambia atembee.

Moshi ule niliujua nikiwa na miaka kumi. Tuliishi nyumba ya vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi la Bwana Mwangi, na tuelewane mapema: kwetu jina la Bwana Mwangi halikutajwa bila mtu kusonya. Mfereji wa paa la duka lake ulikuwa umekatika upande wetu, na mvua ya Eldoret haina utani. Ikinyesha, maji yote ya paa lile yalimwagika mlangoni petu, na Mama akashinda akiyasukuma kwa ufagio huku akimwita mwenye duka majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Baba alimwendea mara mbili. Mara ya kwanza aliambiwa mfereji utatengenezwa. Mara ya pili aliambiwa kama hapendi maji ahamie Lodwar kwenye ukame. Baba alikuwa ametoka upande wa Webuye, wazazi wa Mwangi walikuwa wametoka Nyeri, na kila mmoja alikuwa na maoni yake kuhusu watu wa mwenzake, maoni ambayo sisi watoto tuliyajua kuliko tulivyojua hesabu.

Baba alikuwa na jambo lingine. Alifanya kazi kwenye kiwanda cha mbao, na msumeno wa mashine ulimkata vidole vitatu vya mkono wa kulia. Tangu siku hiyo mkono ule uliishi ndani ya mfuko wa koti, liwake jua, inyeshe mvua. Mkono wa kulia hakumpa mtu kwa sababu ya aibu. Wa kushoto hakuutoa kwa sababu ya heshima, maana kwao mtu akikusalimia kwa kushoto ni kama amekutemea mate. Basi akaacha kabisa kushikana mikono na watu. Kanisani wakasema anaringa, naye akaacha na kanisa.

Katikati ya hayo yote mimi nikataka kuwa skauti. Rafiki yangu Chebet, tuliyekaa naye dawati moja, alikuwa na skafu ya kijani na filimbi, na alijua kufunga kamba isifunguke hata ng'ombe akiivuta. Kila Jumamosi nilisimama nje ya ua wa kanisa nikiwatazama wakipiga kwata. Sijawahi kutaka kitu kama nilivyoitaka skafu ile. Lakini kundi lile halikuchukua mtoto peke yake. Ilikuwa lazima mzazi aje naye Jumamosi tatu mfululizo. Ya kwanza mnatembelea tu, mnakaa kwenye mabenchi na kuona mambo yanavyofanywa. Ya pili mzazi anafanya kazi pamoja na wengine, akipasua kuni au kusimamisha hema. Ya tatu anatia sahihi mbele ya watu wote, ndipo mtoto anakula ahadi na kuvishwa skafu. Ukikosa moja, unaanza upya. Na kiongozi wa kundi, kwa bahati yangu mbaya, alikuwa Bwana Mwangi huyo huyo.

Mama hakuweza kuja, Jumamosi alikuwa sokoni na mitumba yake mpaka jioni. Alibaki Baba. Nilimsumbua wiki mbili nzima, nikafua soksi zake bila kuambiwa, nikalia, nikasusa uji. Alikataa kwa mdomo, akakataa kwa kichwa, akakataa kwa kuondoka nyumbani. Mwishowe Mama, akimenya viazi bila hata kumtazama, akasema, "Baba Nafula, huyu mtoto hajakuomba gari. Amekuomba Saturday tu." Baba akatoka nje, akarudi, akasema tutaenda.

Sasa nikwambie jambo ambalo sikumwambia mtu yeyote kwa miaka mingi. Chebet alikuwa amenifundisha kwamba maskauti husalimiana kwa mkono wa kushoto. Ni desturi yao, mkubwa kwa mdogo, hakuna dharau ndani yake. Tulifanya mazoezi nyuma ya choo cha shule mpaka nikazoea. Lakini alinionya. "Usiambie baba yako saa hii. Wangu aliskia akasema ni mambo ya devil worship, karibu anitoe." Nami niliamini, kwa sababu siku hizo ukifanya salamu yoyote isiyo ya kawaida majirani walikuwa tayari kukuombea pepo litoke. Nikaogopa Baba akisikia hatakwenda. Nikaamua kunyamaza, nikijiambia atajionea mwenyewe tukifika.

Tulifika tumechelewa, maana Baba alipiga pasi shati lake kwa mkono mmoja na akakataa kusaidiwa. Bwana Mwangi alikuwa amemaliza kuwaeleza wageni taratibu zote. Alikuwa amewasha moto wa matawi mabichi, moshi mwingi kuliko joto, na sasa alipita kwenye mabenchi akiwasalimia wazazi mmoja mmoja. Akatufikia. Alimtambua Baba, na uso wake ukakaza. Hakusema karibu. Akanyoosha mkono wa kushoto.

Baba aliutazama mkono ule. Mimi nilimtazama Baba. Nilijua ni neno moja tu lilihitajika, na nilikuwa nalo mdomoni, na sikulitoa.

"Unanicheka?" Baba akauliza.

"Mzee, hapa tunasalimiana hivi."

"Maji yako nimevumilia. Sasa unanicheka mkono mbele ya mtoto wangu?"

Kisha akafanya kitu ambacho hakuwahi kukifanya mbele ya mtu. Aliutoa mkono wa kulia mfukoni, akauinua juu, kidole gumba na kidole cha mwisho, na katikati makovu matupu. "Haya, angalieni! Kama ni kucheka, chekeni mara moja tumalize." Hakuna aliyecheka. Mtoto mmoja mdogo alianza kulia. Na Bwana Mwangi, badala ya kueleza kwa utulivu kama kiongozi, akaona amevunjiwa heshima kwake, kiburi kikampanda. "Mzee, kama hutaki taratibu zetu, gate ni ile."

Tukatoka. Njiani Baba alitembea mbele, mimi nyuma, na moshi ule ukatufuata mpaka barabarani.

Wiki tatu sikumsemesha. Nilimtengea chakula, nikageuka. Siku moja aliponiomba chumvi nilimwambia, na naandika haya nikiona aibu, kwamba afadhali angebaki nyumbani na huo mkono wake. Mama aliinua mwiko anichape. Baba akamwambia aniache, akala mboga bila chumvi. Nilimchukia Baba asubuhi, nikamchukia Bwana Mwangi jioni, na muda wote huo nikajifanya sikumbuki nilichofundishwa nyuma ya choo. Mtoto anaweza kujidanganya vizuri sana akiwa na mtu mwingine wa kulaumu.

Halafu Jumamosi moja nikamkuta Baba amevaa lile shati. "Vaa viatu," akasema. Tulipofika uwanjani Bwana Mwangi akaja, akanyoosha mkono wa kushoto, na Baba akautoa wake wa kushoto. Walishikana kama watu wanaotaka kuvunjana mifupa, wakaachana. Jumamosi ya pili vilevile. Baba alipasua kuni akiwa ameukandamiza mpini wa shoka kwa vidole vyake viwili, huku akitangaza kwamba kuna watu wazima wasiojua kuwasha moto. Bwana Mwangi akajibu kwamba kuna wageni wasiojua kufunga mdomo. Ya tatu Baba akatia sahihi, herufi zikaanguka huku na huku, nami nikavishwa skafu. Usidhani walipatana. Hawakupatana mpaka Baba alipofariki, na mazishini Bwana Mwangi hakuonekana.

Nilidhani Mama ndiye aliyemlainisha. Niliishi na dhana hiyo miaka zaidi ya ishirini.

Mwezi uliopita, basi, nikamkuta Bwana Mwangi kwenye benchi, mzee sasa, kofia ya sufu kichwani, akiwafokea vijana waliosimamisha hema likapinda. Alinitambua kabla sijajitaja. Tukasalimiana kwa kushoto. Nilikuwa na maneno niliyoyabeba tangu utotoni, nikamtolea bila kumwonea huruma. Nikamwuliza kwa nini siku ile hakumweleza baba yangu vizuri mbele ya watu, akaona heri kutuonyesha lango.

"Nilikuwa na hasira," akasema. "Lakini nilimweleza. Alikuja kwa duka baada ya wiki tatu, anataka tupigane. Nikamwambia, Mzee, hiyo ni salamu ya skauti, na msichana wako alikuwa anajua. Chebet aliniambia mlifanya practice."

Nikainama kumfunga binti yangu kamba ya kiatu.

"Alikaa kwa gunia ya simiti muda mrefu. Nikadhani ni mgonjwa. Halafu akaniambia, 'Mwangi, mimi na wewe hatupendani. Lakini usiwahi ambia huyo mtoto ati najua.' Sikupenda baba yako, na yeye hakunipenda. Lakini hiyo niliweka. Nakwambia leo kwa sababu hayuko, na umenijia hapa na ukali."

Sikumshukuru. Nilimwandikisha binti yangu, nikaambiwa nirudi Jumamosi mbili zaidi, nikaondoka nikiwa na hasira zaidi kuliko nilivyokuja, na hasira yenyewe haikuwa na mtu wa kuipokea. Baba alinipeleka Jumamosi zile tatu akijua. Akavumilia kumshika mkono mtu asiyempenda, akaonyesha kovu lake mbele ya watu waliokwisha kuliona, na mimi nikitembea nyuma yake nimenuna kama niliyedhulumiwa. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini nilinyamaza.

Ama labda aliniuliza. Alikuwa na tabia moja, hasa mwaka ule, na tena alipolazwa hospitalini mwishoni nikimuuguza. Tukiwa wawili tu, kumetulia, alikuwa akisema ghafla, "Nafula, kuna kitu unataka kuniambia?" Nilidhani anauliza habari za shule. Baadaye nikadhani ni uzee na dawa. Kila mara nilimjibu kwamba hakuna.