Marahaba Saba za Kiegeani

Nilikwenda Mafia kwa sababu ya mdomo wangu mwenyewe. Mimi ni fundi wa majokofu, Temeke. Wakati wa baridi, kazi ilipopungua na mwili ukawa mwepesi, niliandikisha jina kwenye mashindano mafupi ya Kilindoni: unaogelea, unapanda baiskeli, unamalizia kwa kukimbia. Nikampigia simu bibi yangu, Bi Mwanaisha wa Kiegeani, nikajigamba weee! Kisha joto likaja, majokofu ya mji mzima yakafa kwa pamoja, nikawa narudi nyumbani hoi, sina hamu hata ya kuifuta baiskeli vumbi.

Ningekaa zangu kimya. Lakini mashindano ya namna hii nilikuwa nimeshayajaribu mara mbili, na mara zote mbili niliachia njiani. Nilijiapiza kwamba nikiachia na ya tatu, baiskeli naigawa na habari ya michezo naifunga. Tena bibi alikuwa ameshatangaza kijiji kizima: "Mume wangu anakuja kushindana." Mume ndiye mimi, kwa utani wetu wa bibi na mjukuu.

Ijumaa asubuhi, Nyamisati. Baiskeli ilipakiwa kwenye boti juu ya magunia ya vitunguu, nami nikajinyoosha pembeni yake. Mama mmoja aliyekaa karibu akauliza, "Hiyo baiskeli yako?"

"Yangu, mama. Nakwenda kushindana."

Akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni nilivyolala. "Mungu akusaidie," akasema, akanipa ndizi mbili. Nilizila kwa shukrani, nikalala tena mpaka Kilindoni.

Kilindoni, mchana. Bibi alitaka nilale kwake. Nikamwomba radhi, nikapanga chumba karibu na ufuko, maana nikishaonja wali wake siamki. Jioni msimamizi wetu, dada mwenye kipaza sauti na sauti isiyokihitaji, akatupa masharti. Tunaanza saa moja asubuhi, na saa tatu kamili mstari wa mwisho unafungwa. Atakayefika baada ya hapo hahesabiwi.

Jumamosi, saa moja. "Mkikutana na papa potwe, mpisheni!" alipaza yule dada. "Haumi, ila hakujiandikisha!" Tukaingia majini tukicheka, kosa kubwa, kwa sababu nusu ya bahari niliinywa hapohapo. Nilitoka wa pili kutoka mwisho. Nyuma yangu alibaki bwana mmoja aliyeogelea chali huku akimsimulia mlinzi wa mtumbwi habari za harusi ya binti yake.

Saa moja na nusu, barabara ya Kiegeani. Huko ndiko tulikopaswa kwenda na baiskeli, kulizunguka pipa jekundu na kurudi Kilindoni. Miguu ilikuwa mizito, moyo ndio usiseme. Nikaamua: pipa limewekwa mbele ya nyumba ya bibi, basi mimi nikifika pale nashuka, nakula, nalala. Uamuzi ule ulinifurahisha kiasi kwamba nilianza kucheka peke yangu barabarani. Nilijiona mjanja kweli.

Kabla ya pipa kuna duka la Mzee Faki, na barazani pake huketi wazee saba kila asubuhi. Nikawapungia mkono bila kupunguza mwendo: "Shikamooni, wazee!"

"Nani huyo anayetutupia salamu?" ikasikika sauti.

"Si mjukuu wa Bi Mwanaisha! Tangu jana yuko kisiwani, hajaja kutuamkia, na leo anatupita kama mbuzi!"

Breki zilishika zenyewe. Nikageuza baiskeli, nikaiegemeza ukutani, nikawaamkia wote saba mmojammoja, huku maji ya chumvi yakinichuruzika mpaka kwenye viganja vyao. Mzee Faki akauliza hali ya baba. Mwingine akataka kujua kama jokofu lake linalonguruma lina matumaini. Washindani wawili waliokwisha kulizunguka pipa wakapita wakirudi, kisha yule bwana wa harusi naye akapita kutoka nyuma yangu, akinipungia. Nikawa wa mwisho rasmi.

Saa mbili na dakika kumi, kwenye pipa. Bibi alikuwa amesimama hapo na khanga mpya, majirani wamemzunguka. Nikashuka.

"Shikamoo, bibi. Nimechoka. Nadhani nitaishia hapa."

"Marahaba. Hapa hapaishiwi, mume wangu. Pipa hilo watu wanalizunguka."

"Bibi, kweli sina nguvu. Hata hamu sina."

"Mie nimekuuliza hamu? Wali nimeupika, samaki yumo ndani, na mlango nimefunga kwa ufunguo." Akaupigapiga ufunguo kiunoni. "Kwangu anakula aliyemaliza."

Majirani wakaangua kicheko, mimi nikacheka nao mpaka nikashika pipa nisianguke. Nilipolizunguka nikamwona bibi akifungua fundo la khanga, anatoa simu. Sikujali. Nilikuwa nawaza baraza la Mzee Faki, kwani nikipita tena lazima nisimame tena, na muda ule sikuwa nao.

Lakini nilipolikaribia nikawakuta wazee wote saba wamesimama ukingoni mwa barabara, wameinua mikono.

"Marahaba!" akapaza Mzee Faki kabla sijafungua mdomo. "Pita!"

"Marahaba! Usisimame, we mtoto!"

"Marahaba, marahaba! Kanyaga!"

Ndipo nikajua simu ya bibi ilikwenda wapi. Nilikanyaga huku nacheka na machozi yananitoka, na uchovu wangu sijui ulishukia wapi. Karibu na kufika Kilindoni nikampita bwana wa harusi.

Saa mbili na nusu nilianza kukimbia. Sikukimbia vizuri, nilikimbia tu. Nilivuka mstari zikiwa zimebaki sekunde arobaini. Kuwaamkia wazee saba hakujawahi kwisha kwa sekunde arobaini tangu Kiegeani iwe Kiegeani.

Jumapili, baada ya kula wali ule mara tatu, nilikwenda barazani kuamkia kama inavyostahili. Nilikaa mpaka adhuhuri. Jokofu linalonguruma nililitengeneza. Medali aliivaa bibi, akaenda nayo kisimani.

Jumatatu asubuhi, kurudi. Nilichojifunza nakisema wazi: nilidhani hamu hutangulia ndipo mtu aanze safari. Yangu ilinikuta njiani, tena wazee walikuwa wameishika mkononi wananingojea.

Nilikuwa nimechelewa boti. Bibi alisimama mlangoni, medali shingoni. Nilipopanda baiskeli tu, akaniwahi.

"Marahaba, mume wangu. Nenda, boti itakuacha."

Sikuwa nimesema kitu. Nikashuka, nikaiegemeza baiskeli kwenye pipa, nikarudi mpaka mlangoni na kuushika mkono wake.

"Shikamoo, bibi."

"Nimeshaitikia," akasema. Ila mkono hakuuachia.