Ini la Mbuzi wa Bibi

Nilikuwa mtoto wa miaka tisa, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa huko Gorong'a, nilipokula nyama ya tambiko. Bibi, mama yake baba, alichinja mbuzi ili mizimu isikasirike kwa kuachwa peke yake kwenye mahame yetu. Akanipa kipande cha ini. Nilikuwa na njaa, nikala.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili iliyofuata alihubiri kwamba anayekula kwenye meza ya mashetani hana tena nafasi kwenye meza ya Bwana. Hakujua habari zangu, lakini niliona ananitazama mimi tu.

Tangu siku hiyo kila chakula kilininukia ini. Nilisukutua mdomo mpaka ufizi ukatoka damu. Katika shamba la kijiji, jembe mkononi, nilisali Baba Yetu. Nikikosea neno moja, naanza upya. Wiki ya pili hata uji haukupita.

Bibi akasema mizimu inanidai, nirudishwe mahame. Wazee wa kanisa wakasema ni pepo. Walinizunguka tangu asubuhi, mikono yao mizito kichwani mwangu, wakikemea: "Toka! Toka!" Nilijaribu kutoka. Sikujua ni nani anayeambiwa.

Mama akasukuma mlango. "Mtoto anakufa, nyie mnapiga kelele!" Akapiga magoti mbele yangu. "Bhoke, umefanya nini, mwanangu?"

"Nilikula ini la tambiko."

Baba akawaomba wenzake watoke. Akafunga mlango, akaketi sakafuni.

"Hata mimi nilikula," akasema kwa sauti ya chini. "Siku ileile. Nilishindwa kumkatalia mama yangu."

"Na Mungu je, baba?"

"Bado ananiamsha kila asubuhi."

Akachukua bakuli la uji, akaninywesha mwenyewe. Nikameza vijiko vitatu.

Sikupona siku hiyo. Niliendelea kuhesabu sala hadi utu uzima, mpaka daktari mmoja wa Musoma aliponiambia kuwa huo ni ugonjwa na una tiba. Kanisani bado naenda, na baba nilimpenda hadi tulipomzika. Ila hofu alinipa mbele ya watu wote, akiwa mimbarini. Ukweli akaninong'oneza mlango ukiwa umefungwa. Kwenye mabenchi yale tulikuwa watoto wengi, na mimi peke yangu ndiye niliyeusikia.