Kitambaa cha Mama Chini ya Laptopu

Pale Kasikeu, ukifiwa unampelekea Kathini wasifu wa marehemu, naye anauchapa kwenye laptopu yake kuukuu. Leo ilikuwa zamu ya mama yake mwenyewe. Lakini kila alipokaribia neno "alituacha", laptopu ilizima ghafla, kisha ikajiwasha yenyewe.

Kwanza alilaumu stima, kama tunavyofanya sote. Akachomoa chaja, atumie betri. Ikazima vile vile.

"Mama, hutaki niandike?" alinong'ona, akiogopa hata kugeuka kutazama kiti kitupu nyuma yake.

Alipoinyanyua laptopu, ilimchoma viganja. Matundu ya hewa yalikuwa yamezibwa na kitambaa kizito cha uzi ambacho mama alikifuma kwa mkono wake. Kathini ndiye aliyekitandika chini ya laptopu asubuhi hiyo, kwa heshima.

Akakitoa. Laptopu ikapoa, ikawaka, ikatulia. Sasa hakukuwa na kitu cha kumzuia. Akaandika hadi kwenye lile neno, na hofu ikamrudia, kali kuliko ya kwanza.

Akakichukua kitambaa, akakirudisha chini ya laptopu, akangoja izime.