Kopo Nililoapa Kwamba ni Tupu

"Na hilo kopo lako lilikuwa tupu?" Swali dogo hivyo, na mimi na digrii yangu ya fizikia nikalijibu kijinga, mbele ya nusu ya watu wa Kaplong. Hadi leo nikilikumbuka masikio yanapata moto, kwa hivyo nisikilizeni mara moja tu, mcheke, halafu msinikumbushe tena.

Kazi yangu ni kukagua pampu za mafuta. Unajaza kopo la chuma la lita ishirini, unasoma alama za shingoni kama pampu imezidisha au imepunja, unairekebisha, unaifunga kwa sili ili mtu asiichezee. Fundi Owino, anayenifundisha, ana sheria moja iliyokuwa ikiniudhi: ukimwaga kopo, lishike likiwa limepinduka, mkondo ukikatika hesabu hadi thelathini, ndipo ujaze tena.

"Kwa nini thelathini, si ishirini na tisa?" nilimuuliza.

"Hesabu tu, injinia."

(Jibu la namna hiyo hunitia ukaidi.)

Asubuhi hiyo, kwenye kituo cha mafuta cha Kaplong, akavuka barabara kunywa chai, akaniachia pampu ya dizeli. Baridi ilikuwa kali, kopo zito, foleni imeanza kunung'unika, nikaamua kwamba thelathini ni ushirikina. Nikawa namwaga, natikisa kidogo, najaza. Nikapima mara tatu, na mara zote tatu jibu likawa lile lile: pampu inazidisha. Mara tatu! Nani angebisha? Nikaipunguza, nikapiga sili, na (hapa ndipo ninapojichukia) nikawatangazia watu wa foleni kwamba kuanzia leo hakuna atakayepunjwa hata tone.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Kogo Tapkigen, nyanya wa kila mtu pale, amekuja na mkebe wa maziwa kuchukua dizeli ya mashine yake ya kukatia ng'ombe majani. Ndani ya shingo ya mkebe palikuwa na mkwaruzo wa msumari, alama yake ya lita ishirini. Cherono, mhudumu wa pampu, akampimia lita ishirini, na dizeli ikakomea nusu kidole chini ya mkwaruzo.

"Cherono, umeanza kuiba lini?"

"Kogo, haki ya Mungu, angalia pampu, imeandika ishirini!"

Meneja akatoka mbio. "Nilikuambia nini wiki jana? Lalamiko moja tena, unaenda nyumbani. Vua hiyo ovaroli."

Cherono akashika zipu, akaanza kuishusha, nami nikajitosa.

"Meneja, ngoja kwanza. Kogo, mkwaruzo wa msumari si kipimo. Kipimo ni hiki."

Nikaimimina dizeli yake kwenye kopo langu. Ishirini kamili! Vijana wa bodaboda wakapiga makofi, mmoja akaita, "Sayansi hiyo!" Nami, jamani, nikainamisha kichwa kidogo kama bibi harusi.

Kogo hakupiga makofi. Ndipo akaniuliza swali lile: "Na hilo kopo lako lilikuwa tupu?"

"Tupu kabisa," nikaapa.

"Basi nionyeshe hiyo tupu yako."

Nikarudisha dizeli mkebeni, nikatikisa kopo kama nilivyozoea. Kogo akaweka kikombe cha plastiki chini ya mdomo wa kopo. "Usitoe mkono." Dizeli ikaendelea kutoka, kwanza kama uzi, kisha matone, na wale vijana wakaanza kuhesabu: moja, mbili, tatu... Walipofika thelathini kikombe kilikuwa nusu. Kogo akakimimina mkebeni, na mafuta yakapanda polepole hadi kwenye mkwaruzo, yakatulia hapo hapo.

"Injinia, tupu yako ni nzito!" Kogo akasema.

Kicheko kilichofuata nadhani kilisikika Sotik. Nilitamani kulilaumu kopo, lakini nikaona zipu ya Cherono imefika kiunoni.

"Cherono hajaiba," nikasema. "Pampu ilikuwa sawa. Mabaki ya kopo nimeyahesabia pampu, nikaipunguza; nimeiharibu mimi."

Meneja akamtazama Cherono, akasema, "Samahani, rudi kazini," akaingia ofisini. Fundi Owino alikuwa amesimama nyuma ya umati, mandazi mkononi. "Haya, vunja sili," akasema, basi. Nikairudisha pampu ilipokuwa, nikapima upya mara tatu, foleni nzima ikinihesabia kama watoto wa chekechea, na aliyehesabu kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Cherono, zipu imefungwa hadi shingoni.

Siku hizi nahesabu kwa sauti, hata mvua ikinipiga. Maswali sijaacha wala sitaacha, ila naanza na kopo langu.

Na ule mkwaruzo? Mwaka mzima ulipita kabla sijamuuliza Fundi Owino. Alicheka hadi akaweka kikombe cha chai chini. Aliuchora yeye mwenyewe, kwa msumari, siku Kogo alipomwomba amjazie mkebe kutoka kwenye kipimo cha kuaminika, na kipimo chenyewe kilikuwa kopo lile lile langu, baada ya kuhesabu thelathini.