Niliegemea Pazia Mbele ya Mama Bukwe

Marafiki, mtu aliyeanguka chali juu ya kitanda chake mwenyewe mbele ya mama mkwe wake, miguu juu na kichwa ndani ya pazia, hana heshima iliyobaki ya kulinda, kwa hiyo nitawasimulia yote bila kuficha, na mwenye kutaka kucheka acheke mapema, maana mbele huko hapachekeshi.

Mimi ni fundi wa mapazia hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi (sisi tuliotoka Kongo tunasema rido, na ndivyo nilivyoandika mlangoni kwangu: Rido za Kisasa). Nashona, napeleka, natundika. Wateja wangu wengine wako Lilongwe, Mchesi na mitaa ya jirani, na ni huko nilikopata ugonjwa wangu. Kuna mama mmoja mwalimu alinipa kazi ya madirisha ya nyumba yake mpya, nami nilipoingia nikakuta hakuna ukuta kati ya sebule na jiko, hakuna ukuta kati ya sebule na pa kulia chakula, mwanga unaingia upande huu unatokea upande ule bila kuulizwa na mtu, nikabaki nimesimama na futi yangu shingoni, mdomo wazi. Yule mama akacheka, akatoa simu, akanionyesha video ya dada mmoja mwenye sauti tamu akieleza mitindo ya ndani ya nyumba itakayotamba mwaka ujao: vyumba viwe wazi, vitu viwe vichache, kuta ziwe na rangi ya udongo, mikeka na vikapu badala ya mapambo ya plastiki, na pale palipokuwa na ukuta litundikwe pazia zito linaloshuka mpaka sakafuni.

Rangi ya udongo! Mikeka! Vikapu! Kumbe sisi wa Dzaleka tuliwatangulia matajiri tangu siku tuliyoshushwa hapa na mizigo yetu, kuta zetu ni udongo wenyewe wala si rangi, na vitu vyetu ni vichache bila kufundishwa na mtu. Nilihesabu nyumba yangu kuwa imeshafuzu karibu yote. Kilichobaki kilikuwa ukuta mmoja, na pazia ndiyo kazi yangu.

Sasa niwaambie habari za nyumbani. Mke wangu anaitwa Mapendo. Tumeoana miaka mingi na hatuna mtoto. Mimba zimekuja na kutoka, na kila moja ikitoka Mapendo anapika, anafua, anaenda kanisani na kurudi, lakini ukimsemesha unaona hayupo. Mama yake alikuwa akikaa Kauma, pale Lilongwe, kwa mwanawe wa kiume Bahati, na siku zile walikuwa wamepata ile safari ya kwenda kuishi ng'ambo, familia nzima ya Bahati (kambini kila mtu anaiota safari hiyo, na kila mtu anajua kwamba anayeondoka harudi). Ndipo mama akatuma neno kwamba kabla ya kupanda ndege atakuja kwetu kumbariki binti yake.

Kwa watu wa kwa mke wangu hilo si jambo dogo. Binti ambaye mimba hazikai, mama yake huenda kwake, humkalisha chini sebuleni, hutia mkono katika maji na kuupitisha kichwani mwa binti na tumboni, huku akisema maneno ambayo mama peke yake ndiye anayo. Lazima iwe ndani ya nyumba ya binti, mahali mtoto huyo atakapolelewa, si kanisani wala si njiani. Mapendo alipopata habari aliimba jikoni, na mimi sikuwa nimemsikia akiimba tangu mimba ya mwisho.

Mtu mwenye akili angefagia, angetafuta kuku, angetulia. Mimi nikasema mama bukwe (ndivyo tunavyomwita mama mkwe) hawezi kuiaga Afrika na picha ya nyumba yenye giza, tena nyumba ya fundi wa rido, watu watasema nini? Nikaamua kubomoa ukuta uliotenga sebule na chumba chetu cha kulala.

"Bwana yangu, huo ukuta njo unaficha kitanda," Mapendo akaniambia (njo yetu ni ndio).

"Rido itaficha kuliko ukuta. Tena nitaweka ile nzito ya mahameli, hata taa haionekani nyuma yake."

"Na mama akikuja?"

"Mama akikuja ataona mwanga."

Akaniangalia kidogo, akaniachia. Mke wangu ni mpole, na upole wake nimeutumia vibaya mara nyingi, lakini si kama siku hiyo.

Maana desturi niliijua. Mkwe na mama bukwe hawatazamani machoni, hawapeani mkono, hawali sahani moja. Mama akisimama kupita, mkwe anarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, anainamisha kichwa na kumpisha. Na kile kitanda ambacho mkwe analalia na binti yake, mama hakioni kamwe. Akikiona ni kama amemwona mkwe wake uchi: anatoka hapo hapo, hali, hanywi, habariki, na harudi mpaka mkwe atume mzee na mbuzi na kitenge kipya cha kuosha aibu, kisha mwezi mwingine uandame. Hayo yote niliyajua kama jina langu. Ila mimi nashona mapazia kila siku, na niliamini kwamba pazia langu ni ukuta tosha.

Basi nikabomoa. Vumbi likaingia mpaka kwa majirani, mmoja akapiga kelele kuuliza kama tunahama. Nikapigilia misumari miwili mikubwa kwenye kuta za pembeni, nikavuta waya, nikatundika mahameli yangu ya kijani. Sasa, fundi yeyote wa rido anajua kwamba matofali mabichi hayashiki msumari wenye mzigo, kwa wateja huwa natanguliza ubao kwanza, lakini kwangu nilikuwa na haraka, na mganga hajigangi. Halafu, kwa kuwa dada wa kwenye video alisema vitu viwe vichache, nikatoa kila kitu sebuleni: mabeseni, madumu, nguo zilizoanuliwa (zile za ndani zikiwa juu kabisa), hata vile vitambaa vyeupe vya kufuma vya kwenye viti ambavyo mama bukwe alivifuma kwa mkono wake na kumpa Mapendo alipoolewa. Vyote nikavirundika kitandani. Nikafunga pazia. Nikasimama mlangoni kutazama, na nakiri kwamba palikuwa pazuri.

Wakafika mchana, mama na Bahati, kila mmoja na kabaza yake, baiskeli ya kukodi, kutoka barabara kuu. Waendesha baiskeli wale nikawaambia zikomo, yaani asante, kwa sauti kubwa kama mtu mwenye hoteli. Mama aliingia taratibu, mzee mwembamba aliyefunga kitenge cha kanisani, akaketi kwenye kiti alichowekewa, nami nikasimama mbali kama inavyotakiwa, macho chini, lakini masikio yamesimama nikisubiri sifa.

"Nyumba inaangaza," akamwambia Mapendo.

Moyo wangu ukacheza ngoma.

"Na vile vitambaa nilifumaka?"

Mapendo akaunyoosha mkeka uliokuwa umenyooka tayari.

"Viko, mama. Tulivipumzisha kidogo."

Mama akapapasa mkono mtupu wa kiti. Pale ndipo ningetakiwa kuelewa kwamba yule mama hakuja kutazama mtindo, alikuja kutafuta vitu vyake na mtoto wake, lakini mimi nilikuwa bado nangoja aulize habari za mahameli.

Tukaomba, Bahati akaongoza sala. Kisha Mapendo akashuka kwenye mkeka, akavua kilemba, akakunja miguu pembeni, akafumba macho. Mama akaomba bakuli la maji. Akasimama nalo mikononi ili azunguke aje mbele ya binti yake, na njia ya kuzunguka ilipita pale nilipokuwa nimesimama mimi.

Nikafanya kile ambacho nimekifanya maisha yangu yote ya ndoa. Niliinamisha kichwa, nikarudi nyuma kwa adabu, hatua baada ya hatua, nikitafuta ukuta kwa mgongo. Mgongo ukagusa kitu. Nikaegemea.

Wapendwa, niliegemea rido. Ilinipokea kidogo kama mtu anayetaka kukubeba halafu akabadili mawazo, msumari wa kwanza ukatoka na bonge la udongo, wa pili ukafuata, na mimi nikaenda chali na mahameli yote juu yangu, nikatua kitandani katikati ya mabeseni, dumu likabingirika mpaka mkekani, na nilipofanikiwa kutoa kichwa, nguo ya ndani ya mke wangu ikiwa begani, kitu cha kwanza nilichokiona ni macho ya mama bukwe. Kwa mara ya kwanza tangu nioe, tulitazamana.

Alifunika uso kwa pindo la kitenge. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Shemeji, ni nini hii?" Bahati akauliza, na sauti yake ilikuwa ya kunionea huruma, si ya hasira. "Ukuta iko wapi?"

"Niliubomoa," nikasema nikiwa bado nimelala, "ni mtindo."

Neno hilo lilitoka kinywani mwangu. Ni mtindo. Nikilikumbuka njiani huwa nasimama.

Mama alitembea kinyumenyume mpaka mlangoni, uso umefunikwa, bakuli bado mkononi. Akamwaga maji nje, kwenye vumbi.

"Mama, usiende," Mapendo akasema. Alikuwa bado ameketi pale pale kwenye mkeka, kichwa wazi, kama aliyeogopa kwamba akiinuka yote yatakuwa yamekwisha. "Rudia, mama. Funga macho tu, unibariki ukiwa umefunga macho."

"Mwanangu, mi siwezi. Nikikubariki na aibu hii juu yangu, nitakutilia mabaya. Bantu bakale, wazee wetu wa zamani, hawakufanyaka hivyo." Alikuwa analia. "Mi nakupenda. Lakini siwezi."

Wakaondoka bila kula. Kuku alikuwa ameiva.

Nilihangaika, msidhani nilikaa. Nilimtuma mzee mmoja wa kwao aende Kauma na kitenge kipya, na mbuzi niliyemfuata mpaka Mponela sokoni, na mama akapokea vyote kwa mikono miwili, akasema amenisamehe kabisa. Lakini mwezi ulikuwa bado mchanga, na mpaka mwingine uandame ndege ingekuwa imeshaondoka. Ndege haingojei mwezi. Bahati alimsihi, hata mchungaji wao alimsihi, mama akasema hawezi kuchezea tumbo la mwanawe, na mimi siwezi kumlaumu, maana aliogopa kwa ajili ya Mapendo kuliko alivyoogopa kwa ajili yake mwenyewe.

Siku ya safari Mapendo alikwenda kuwaaga. Mimi nilisimama mbali, ng'ambo ya barabara. Nilimwona mama akimshika mashavu, akimshika mabega, akimshika mikono yote miwili, na kila kiganja chake kilipokaribia kichwa kilirudi chini. Mapendo aliporudi kwangu hakunilaumu. Hajanilaumu mpaka leo, na hilo ndilo linaniumiza, kwa sababu angenitukana ningejua nishike wapi.

Nimeujenga ukuta upya kwa matofali niliyofyatua mwenyewe. Vitambaa vimerudi kwenye viti. Wateja bado wananionyesha kwenye simu mambo ya mwaka ujao, rangi gani, taa gani, wapi pabomolewe, nami nawashonea wanachotaka, na mengine ni mazuri kweli, sikatai, ila siku hizi nauliza kwanza ni nani huja kukaa katika nyumba hiyo, na baadhi yao hunishangaa.

Juzi mama alipiga simu ya picha kutoka huko waliko, amevaa koti zito, anaonekana mdogo. Akaomba aione nyumba. Mapendo akazunguka na simu sebuleni, akamwonyesha viti, vitambaa, mkeka, ukuta, na alipofika mlango wa chumba akaielekeza simu chini.

"Sasa ni nyumba," mama akasema.

"Mama, basi unibariki. Ukuta uko. Mwezi uliandama zamani."

Mama akainua kiganja chake, kikajaa kwenye kioo cha simu.

"Mwanangu," mama akasema, "na mkono yangu itapita wapi?"

Sikungoja kusikia Mapendo amejibu nini. Nilitoka nikasimama nyuma ya nyumba nikalia, mtu mzima, fundi wa rido za kisasa, na nikaapa kwamba sitaipamba tena nyumba yangu kwa ajili ya macho ya mgeni kabla sijamuuliza anakuja kufanya nini ndani yake.